Kuanzisha timu ya netiboli: pima uwanja kwanza

Kila mwaka mvua zikikatika na shule zikaanza kujiandaa kwa michezo, napigiwa simu zilezile. Mwalimu mpya wa Sikonge anauliza nguzo iwe na urefu gani. Mama mmoja wa kikundi cha Isevya anauliza baada ya goli nani anaanza. Msichana aliyevishwa kizibao cha WA, yaani winga wa kushambulia, anataka kujua kwa nini refa anampulizia filimbi kila akikanyaga duara. Nimeamua kuyaweka majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoanza na timu mpya hapa Tabora.

Jambo moja ninalisisitiza tangu mwanzo: sheria nyingi za netiboli zimo kwenye mistari ya uwanja. Ukichora kwa vipimo vya kweli, wasichana wanajifunza kwa miguu yao wenyewe. Ukichora kwa kukadiria, utapiga kelele mwaka mzima na hawatakuelewa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Eneo tambarare la mita 37 kwa 22 hivi. Uwanja wenyewe ni mita 30.5 kwa 15.25, nafasi inayobaki ni ya kukimbilia nje ya mistari.
- Mpira namba 5, wenye uzito wa gramu 400 hadi 450. Kama wa netiboli haupatikani, anza na wa miguu namba 5. Ukubwa ni karibu sawa, ila unateleza mikononi.
- Mabomba mawili ya chuma ya inchi 3 na nondo ya milimita 16 kwa ajili ya pete.
- Vizibao 14, saba kwa kila timu, vyenye herufi GS, GA, WA, C, WD, GD na GK mbele na nyuma. Kila herufi ni nafasi ya mchezaji, nazieleza Hatua ya 4. Herufi iwe na kimo cha sentimita 15 ili refa aione kwa mbali.
- Tepu ya kupimia ya mita 30, vijiti, kamba na ndoo mbili za majivu.
- Filimbi mbili, saa na daftari la magoli.
- Wachezaji saba kwa kila upande, na wa akiba. Wakipungua mnaweza kucheza hata mkiwa watano, mradi mmoja wao awe C, yaani senta.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa kuangalia jua

Nguzo moja iwe upande wa kaskazini, nyingine kusini. Mazoezi yetu mengi huwa jioni. Ukiweka goli upande wa magharibi, mfungaji atakuwa anatazama jua la saa kumi na moja machoni na hataiona pete. Tabora tuna miembe kila mtaa na kila mtu anapenda kivuli, lakini kivuli waachie watazamaji. Mizizi ya mwembe iliyojitokeza juu ya ardhi inavunja vifundo vya miguu.

Ng'oa visiki, fagia mawe, kisha tembea peku eneo lote. Kitakachokuchoma wewe ndicho kitakachomchoma mtoto anayecheza bila viatu.

Hatua ya 2: Pima na uchore

1. Piga kijiti cha kona ya kwanza. Kutoka hapo pima mita 30.5 za upande mrefu na upige kijiti cha pili.
2. Pata kona ya mraba kwa njia ya mafundi ujenzi: kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Ncha hizo mbili zikiachana mita 5 kamili, kona imenyooka. Sasa pima mita 15.25 za upande mfupi, na ufanye hivyohivyo kwenye kona ya pili.
3. Hakiki kwa kupima kutoka kona hadi kona, mshazari. Lazima upate mita 34.10 pande zote mbili. Zikitofautiana, uwanja umepinda, rudi mwanzo.
4. Kwenye pande ndefu weka alama kwenye mita 10.17 na mita 20.34, halafu unganisha kwa mistari inayokata uwanja. Umepata theluthi tatu.
5. Tafuta katikati ya kila mstari wa mwisho, yaani mita 7.62 kutoka kona. Funga kamba hapo na uzungushe nusu duara lenye upana wa mita 4.9 kutoka katikati. Hilo ndilo duara la kufungia.
6. Mishazari miwili inapokutana ndipo katikati ya uwanja. Chora duara dogo kwa kamba ya sentimita 45, ili duara liwe na upana wa sentimita 90.

Kamba ya manila huvutika. Kila unapokata kamba ya duara, ipime kwa tepu ukiwa umeivuta kama utakavyoivuta wakati wa kuchora.

Chokaa ambayo haijazimwa usiimwage uwanjani kabisa. Ikichanganyika na jasho inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Majivu ya jikoni yanatosha.

Hatua ya 3: Simamisha nguzo

Soma hapa taratibu, maana hapa ndipo nilipokosea mimi, na naona wengi wanakosea vilevile.

Bomba la dukani lina mita 6. Ukimpelekea fundi wa kuchomelea bomba moja, atalikata katikati upate mawili ya mita 3, na utaona umeokoa pesa. Ukija kulifukia nusu mita ili lisimame, pete inakaa mita 2.5 kutoka ardhini. Urefu unaotakiwa ni mita 3.05. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kijijini huko Urambo, tulicheza kwenye nguzo za namna hiyo na tukawafunga jirani zetu wote. Tulipokwenda kwenye mashindano ya wilaya, mipira yetu ilikuwa inapita chini ya pete. Mfungaji wangu mkuu (GS), binti aliyekuwa hakosi nyumbani, aligeuka akanitazama akasema, "Mwalimu, goli lao limepanda." Halikuwa limepanda. Mimi ndiye niliyemfundisha miezi minne kwenye kimo cha uongo, na mikono yake ilikuwa imeshazoea. Ilituchukua muhula mzima kuyaondoa yale mazoea.

Kwa hiyo nunua mabomba mawili. Kila moja likatwe mita 3.65: sentimita 60 zifukiwe kwa zege au mawe yaliyoshindiliwa vizuri, na mita 3.05 zibaki juu. Pima baada ya kufukia, wala si kabla.

Pete ina upana wa sentimita 38 kwa ndani. Kwa nondo ya milimita 16, mwambie fundi akate sentimita 124 na nusu, aikunje iwe mviringo. Asiichomelee pete moja kwa moja kwenye nguzo. Kati ya nguzo na pete kuna mkono mfupi wa sentimita 15, na netiboli haina ubao nyuma ya pete kama mpira wa kikapu. Pete iwe sambamba na ardhi, na nguzo isizidi juu yake.

Kama utatumia nguzo za kuhamisha, zenye kitako, weka mifuko ya mchanga juu ya kitako kila siku. Watoto huzining'inia, na bomba la chuma likianguka halichagui.

Hatua ya 4: Gawa nafasi

Kila mchezaji ana maeneo yake, na akikanyaga nje yake, hata bila mpira, wapinzani wanapewa pasi huru. Maeneo ndiyo haya:

- GS, mfungaji mkuu: theluthi ya kushambulia na duara lake tu.
- GA, mfungaji msaidizi: theluthi ya kushambulia, duara, na theluthi ya kati.
- WA, winga wa kushambulia: theluthi ya kushambulia na ya kati, lakini haingii duarani.
- C, senta: uwanja wote isipokuwa maduara mawili.
- WD, winga wa kulinda: theluthi ya kati na ya kulinda, haingii duarani.
- GD, mlinzi msaidizi: theluthi ya kati, ya kulinda, na duara la kulinda.
- GK, mlinda goli: theluthi ya kulinda na duara lake.

Kila mmoja ana wa kumkaba: GS na GK, GA na GD, WA na WD, C na C.

Msigawe nafasi kwa urefu peke yake. Kweli GS na GK warefu wanasaidia, lakini C mpe yule anayekimbia bila kulalamika na mwenye macho ya kuona wenzake. WA awe na mkono wa kutuma pasi duarani kwa uhakika. Walimu wengi humpa C binti anayependwa na wote, akachoka kabla ya robo ya pili kwisha.

Hatua ya 5: Watembeze bila mpira

Siku ya kwanza mpira ubaki kwenye begi. Wavishe vizibao, kisha ita herufi moja moja: "WD!" Anayeitwa akimbie hadi mstari wa mwisho anaoruhusiwa kufika upande mmoja, aguse ardhi ndani yake, akimbie hadi mwisho wa upande wa pili. Wengine wanapiga kelele akivuka. Baada ya dakika 20 hakuna atakayekuuliza tena WA anaishia wapi. Kisha badilishaneni vizibao na mrudie.

Waeleze pia kwamba mstari ni sehemu ya eneo. GK akikanyaga mstari wa theluthi yake bado yuko ndani. Na mchezaji anaweza kunyoosha mkono juu ya mstari akadaka mpira upande wa pili, mradi hajaigusa ardhi ya huko.

Wakipumzika wasimulie kidogo mchezo ulikotoka, kwa kuwa wanapenda kujua. James Naismith alibuni mpira wa kikapu Marekani mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba mwalimu wa wasichana aitwaye Clara Baer, wa New Orleans, alimwomba Naismith sheria, na kwenye mchoro aliotumiwa akadhani mistari ya nukta ni mipaka ambayo wachezaji hawapaswi kuivuka. Huko Uingereza, chuo cha Martina Bergman-Österberg kiliuchukua mchezo kikaubadilisha taratibu, vikapu vikawa pete, na mwaka 1901 sheria za kwanza za netiboli zikachapishwa. Nchi mbalimbali ziliendelea kucheza kila moja kwa sheria zake hadi zilipokutana Colombo mwaka 1960 na kuziunganisha. Kombe la Dunia la kwanza likachezwa Eastbourne, Uingereza, mwaka 1963, na Australia wakalichukua. Tangu hapo Australia na New Zealand ndio wababe. Mwaka 2019 mjini Liverpool New Zealand waliwashinda Australia 52 kwa 51, goli moja tu. Mwaka 2023 kombe lilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town, na jirani zetu Uganda wakamaliza nafasi ya tano. Hapo ndipo wasichana wangu hunyamaza wakasikiliza. Uganda si mbali.

Hatua ya 6: Fundisha mguu wa kutua

Hii ndiyo faulo inayopigwa zaidi kwa wanaoanza. Mchezaji akidaka mpira akatua kwa mguu mmoja, mguu huo ndio wa kutua. Anaweza kuzunguka juu yake, na anaweza kupiga hatua kwa mguu wa pili. Anaweza hata kuunyanyua ule wa kutua, ila lazima mpira uwe umeshamtoka kabla haujagusa ardhi tena. Kuuburuta au kuruka kwa huo mguu mmoja hakuruhusiwi. Akitua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, anachagua mmoja wa kuhamisha, na uliobaki unahesabiwa kuwa wa kutua.

Nafundisha hivi: wanakimbia wawili wawili, mmoja anarusha, mwingine anadaka hewani, anatua, anaganda. Nasema "onyesha!" naye anagonga kwa mkono paja la mguu wa kutua. Ndipo anarusha. Kwenye mchanga wa Tabora una bahati ya ziada: nyayo zinabaki. Mwenye kubisha mpeleke akaone alama yake mwenyewe.

Wazoeshe kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kutua na goti lililonyooka kumewaumiza wasichana wengi.

Hatua ya 7: Sheria nne za kushika mpira

1. Sekunde 3. Ukiudaka, uachie ndani ya sekunde tatu, iwe pasi au kufunga. Wote mhesabu kwa sauti wakati wa mazoezi.
2. Hakuna kudundadunda. Unaruhusiwa kuudundisha au kuupiga kofi mara moja tu ili uupate, basi.
3. Sentimita 90. Anayekaba asimame umbali huo kutoka mguu wa kutua wa mwenye mpira, ndipo anyooshe mikono. Kata fimbo ya sentimita 90 utembee nayo. Mkiwa na ubishi, ilaze chini.
4. Usiruke theluthi. Mpira ukitoka theluthi ya kulinda hadi ya kushambulia bila kuguswa katikati, ni wa wapinzani.

Kumgusa mpinzani kiasi cha kumwingilia, au kumkaba karibu kuliko sentimita 90, kunazaa pasi ya adhabu. Aliyekosa anasimama kando ya anayerusha, haruhusiwi kucheza mpaka mpira utoke. Ikitokea duarani, GS au GA anaweza kufunga moja kwa moja. Makosa madogo kama miguu au sekunde tatu yanazaa pasi huru, na kwa pasi huru hamfungi moja kwa moja.

Hatua ya 8: Anzisha kwa senta

C anasimama ndani ya duara dogo akiwa na mpira. C wa upande wa pili yuko theluthi ya kati. Wengine wote wako nyuma ya mistari ya theluthi zao hadi filimbi ilie. Pasi ya kwanza lazima idakwe au iguswe kwenye theluthi ya kati.

Sasa lile swali la mama wa Isevya: baada ya goli anaanza nani? Timu zinapokezana. Ukianza wewe mara hii, mara ijayo ni wao, haijalishi nani kafunga. Siyo kama mpira wa miguu, ambako aliyefungwa ndiye anayeanza. Mtunza magoli aandike herufi ya timu inayofuata kila baada ya senta, la sivyo mtagombana.

Hatua ya 9: Kufunga

Wanaofunga ni GS na GA peke yao, wakiwa ndani ya duara, na kila goli ni moja. Mpira ukae juu ya kichwa ukilala kwenye vidole, viganja visiugande. Magoti yakunjwe, kiwiko kielekee kwenye pete, kisha mwili wote unyooke kwa pamoja na kifundo cha mkono kiumalizie. Mpira upae kwanza, ndipo ushuke ndani ya pete. Unaorushwa kwa kunyooka unagonga chuma na kurudi.

Waanze hatua moja kutoka kwenye nguzo. Wakifunga saba katika kumi, warudi hatua moja nyuma. Usiwaruhusu kuanzia mwisho wa duara kwa kuwa kuna watu wanaangalia.

Hatua ya 10: Mechi ya kwanza

Mechi rasmi ina robo nne za dakika 15. Kwa wanaoanza, dakika 8 kila robo zinatosha. Weka marefa wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja na mstari mmoja wa pembeni. Kabla ya kuanza kagua kucha ziwe fupi, na hereni, bangili na pete zivuliwe. Binti anayevaa hijabu acheze nayo bila shida, iwe imebana na isiwe na pini. Suruali ndefu chini ya sketi haimzuii kukimbia. Wazazi kadhaa wamewaruhusu binti zao baada ya kuelezwa hilo tu.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara

*Wote wanarundikana kwenye mpira.* Rudi Hatua ya 5. Kisha cheza dakika tano kwa sharti kwamba hakuna kurusha mpaka mdakaji awe ameonyesha kwa mkono anapoutaka.

*GS hapati pasi.* Mara nyingi amesimama nyuma ya GK. Mfundishe kukaa mbele, au kumzuia GK kwa mgongo na kudai mpira wa juu.

*Wanaogopa mpira.* Punguza upepo wa mpira kidogo, waanze kwa umbali wa mita mbili, na wadake kwa vidole vilivyotanuka, vidole gumba vikikaribiana.

*Refa analaumiwa kila mechi.* Wape wachezaji filimbi wakati wa mazoezi, kila mmoja achezeshe dakika tano. Ugumu wake watauona.

*Kila timu inakuja na sheria zake.* Kaeni na mwenzako kabla ya mechi mkubaliane muda na mabadiliko ya wachezaji. Kwa ngazi ya wilaya, muulize afisa michezo wa halmashauri. Kwa timu za mtaani zinazotaka kuingia kwenye ligi, anayesimamia ni CHANETA, Chama cha Netiboli Tanzania, kupitia viongozi wake wa mkoa.

*Pete imeinama.* Watoto wameining'inia. Ipeleke kwa fundi mapema, kisha pima tena mita 3.05 ikirudi.

*Mvua imefuta mistari.* Ukishapima mara ya kwanza, fukia jiwe bapa lililopakwa rangi nyeupe kila kona, kila mwisho wa mstari wa theluthi, na katikati ya kila mstari wa mwisho. Liwe sawa na ardhi, lisijitokeze. Yanakuwa mawe kumi. Mwezi wa tano unafagia vumbi juu yake, unapitisha kamba, unamwaga majivu, na jioni hiyohiyo mnacheza.